Barua ya wazi kwa Baba Askofu: deni la ahadi na viti vilivyo wazi

Baba Askofu,

Bwana Yesu asifiwe. Nakuandikia hadharani si kwa kukosa adabu, bali kwa kuwa jambo lenyewe linasemwa kila mahali hapa Moshi, kwenye daladala na kwenye matanga, isipokuwa madhabahuni. Washarika wa kanisa letu la Kilutheri wanapungua. Hawajaacha kumwamini Mungu, wameacha kuja.

Tulipomzika binamu yangu, mzee wa kanisa alifika msibani na daftari, na kabla hata ya kutoa pole akauliza kadi ya ahadi, ile inayoandikwa sadaka ambayo msharika ameahidi kutoa. Marehemu alikuwa na deni la miaka mitatu, miaka ileile aliyokuwa kitandani huku kahawa yake ikifunikwa na magugu. Ukoo ulichanga usiku kucha, deni likalipwa, na kesho yake mchungaji akaja kuzika. Usharika siutaji, maana naamini si huo peke yake. Watoto wa marehemu walioishuhudia hesabu ile hawajakanyaga ibadani tangu siku hiyo. Waliorudi kuwafariji baada ya maziko, bila kuitwa, ni majirani zetu wa jumuiya ndogondogo ya Wakatoliki, wakiwa na mikungu ya ndizi na rozari zao.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza mipaka yetu inamlinda nani. Mapadre Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu waliingia Kilema, hapa Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 1890, na wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, wakaanza kazi Machame mwaka 1893; kwa sehemu kubwa, mtu wa Kibosho ni Mkatoliki na wa Machame ni Mlutheri kwa sababu ya nani alifika kwa babu yake kwanza, si kwa sababu babu huyo alipima mafundisho ya pande mbili. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi mtu anavyokubaliwa kuwa mwenye haki mbele za Mungu, ndilo fundisho lililowatenganisha tangu siku za Luther. Huku kwetu mlimani, kijana wa Kilutheri akioa binti wa Kikatoliki, bado swali la kwanza ni nani atamhamia mwenzake. Nawajua wanandoa wasiotaka kuumiza wazazi wa upande wowote: Jumapili kila mmoja anamsubiri mwenzake aamue, na mwisho wote wawili wanashinda shambani.

Wengine wamekwenda kwa manabii. Tunawacheka kwa urahisi, lakini tarehe 1 Februari 2020, hapahapa Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea kukanyaga mafuta ya upako, na wengi wa waliojaa uwanjani siku ile naamini walibatizwa katika makanisa yetu. Mgonjwa anayeahidiwa kuguswa hatasubiri tumalize mnada wa ndizi zilizotolewa sadaka, ambao siku hizi unazidi mahubiri kwa urefu.

Baba Askofu, sipingi sadaka. Kanisa halijengwi kwa maneno, na mimi mwenyewe nina bahasha yangu. Ninaloomba ni waraka wako usomwe katika kila mtaa, ukisema wazi kwamba hakuna maiti atakayesubiri deni lake lilipwe ndipo azikwe. Naomba pia kwamba katika juma la kuombea umoja wa Wakristo, tarehe 18 hadi 25 Januari, badala ya ibada moja ya pamoja mjini yenye viti vya wageni rasmi, mchungaji na padre wa eneo moja watembee pamoja nyumba kwa nyumba kwa wanandoa wa ndoa mseto na kwa wale ambao kadi zao zimenyamaza. Wasibebe daftari.

Nyumba ya kuanzia naijua. Wakiwa tayari, nitawaongoza mwenyewe.

Wako katika Kristo,
Msharika, Moshi