Kwenye fishi ya mjamzito, kazi ya baba iandikwe ilivyo

Bwana Mhariri,

Mwaka wa kumi na moja huu nafua nguo za mume wangu. Anafanya kazi kwenye depo ya madini: anajaza mawe mifukoni, anashona mdomo wa mfuko, anapandisha kwenye lori. Nguo zake nazilowesha katika beseni nyuma ya nyumba, na nikimwaga maji linabaki tope jeusi kama machicha ya kahawa, siku nyingine lenye ukijani wa shaba. Nilikuwa nafua huku mtoto yuko mgongoni, na nikimaliza namwogesha katika beseni lilelile. Sikuona ubaya. Vumbi ni vumbi, na hapa Lubumbashi, Kongo, nani hana vumbi?

Ninachokuandikia ni neno moja la kwenye fishi, yaani karatasi za kumbukumbu, za kliniki ya wajawazito. Nimezaa watoto wanne, na kwenye fishi zote nne, mahali pa kazi ya baba, pameandikwa «débrouillard», yaani mtu wa kujitafutia. Mimba ya mwisho nilimweleza mwuguzi vizuri: «Anatumika ku depo, anajazaka mawe mu mifuko.» Akacheka, bila dharau, akasema: «Mama, bale bote tunabaandikaka débrouillard.» Basi fundi baiskeli, mwuza mikate, mchimbaji na mbeba kobalti (madini yanayochimbwa pamoja na shaba) wote wamelala kwenye neno moja.

Mdogo wangu anasoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na ndiye aliyenifungua macho. Kati ya 2013 na 2015 watafiti wa chuo hicho na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, waliwachunguza watoto waliozaliwa hapahapa mjini: 138 wenye kasoro ya mwili inayoonekana kwa macho, na 108 wasio nayo. Waliwahoji wazazi, wakapima madini mwilini mwa akina mama. Katika yote waliyouliza, kazi ya baba ikajitokeza. Kwa baba anayefanya kazi ya madini, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro ulionekana kuwa mkubwa karibu mara 5 na nusu. Majibu yalitoka 2020, kwa Kiingereza, lugha ambayo mtaani kwetu Katuba anayeisoma labda ni mwalimu mmoja.

Mdogo wangu alinionya nisiipige ngoma kupita kiasi. Utafiti wa aina hiyo unaonyesha mambo mawili yanayotembea pamoja. Haujathibitisha kwamba moja ndilo lililozaa lingine, na watoto waliochunguzwa si wengi. Nimekubali. Ila miaka kabla ya hapo, mwaka 2009, kulitoka utafiti mwingine wa Katanga, eneo letu hili la migodi: watu wanaokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi na viwanda vya kuyeyushia walikutwa na kobalti kwenye mkojo mara 43 kuliko Wamarekani wa kawaida, na watoto walikuwa nayo nyingi kuliko wakubwa. Nilipofika hapo kwenye maelezo yake nilikumbuka beseni langu.

Ubaya wa kitu hiki ni ukimya wake. Malaria inatetemesha, kipindupindu kinaangusha mtu asubuhi hadi jioni. Kobalti iliyozidi inaweza kuusumbua moyo, mapafu au tezi ya shingo bila mtu kujua ilipoingilia. Huko Kanada, mjini Quebec, katikati ya miaka ya 1960, kiwanda kilitia kobalti kwenye bia ili povu lisimame vizuri. Wanywaji wakaanza kuugua moyo, wengi wakafa. Madaktari waligundua kwa sababu waliuliza wagonjwa wanakunywa nini, na ya wapi. (Wapenda bia wa hapa mjini, kule Kamalondo, wasinichukie, ni habari ya zamani.)

Wenye kuuliza ndio hao tunaowakosa. Kliniki wananipima presha, wananitoa damu ya ukimwi na ya kaswende, wanaangalia macho kama yamekuwa meupe. Nashukuru, vipimo hivyo vimeokoa wengi. Mashine ya kupimia madini haiwezi kuwepo kituo cha afya cha mtaa, najua. Lakini kuuliza baba anafanya kazi gani, na akirudi anavulia wapi nguo, kunahitaji mashine gani?

Jirani yangu mmoja alizaa mtoto mwenye mgongo wazi. Siku ileile maneno yakaanza: amekula nini, alikuwa anatembea na nani, ukoo wao una nini. Mama mkwe akaita wachungaji. Mumewe ni mchimbaji, na hakuna aliyemtazama yeye hata kwa jicho la pembeni. Sisemi vumbi lake ndilo lililofanya vile. Hakuna anayeweza kusema hivyo kwa mtoto mmoja. Nasema swali lote lilimwangukia mwanamke, na fishi yake pale kliniki ilikuwa na neno débrouillard. Hata vidonge vya damu tunavyopewa, vyenye ile folati inayosaidia mgongo wa mtoto, vinatufikia tumechelewa: mgongo hujifunga katika wiki nne za kwanza tangu mimba kutunga, na sisi tunaenda kliniki mwezi wa tano, tumbo likishaonekana.

Kwa hiyo wakubwa wa afya wa mkoa, wakisoma barua hii, nawaomba waruhusu kazi iandikwe kwa jina lake. Anachimba. Anaosha mawe. Anafungasha. Anapika shaba. Mtoto akizaliwa na kasoro, kitabu cha maternite, wodi ya wazazi, kiwe na la kusimulia. Na mwuguzi akijua, atamwambia mama kile ambacho mimi nilichelewa kuambiwa: nguo za kazi zivuliwe nje, zifuliwe peke yake, beseni la mtoto liwe lingine, nyumba imwagiwe maji kidogo kabla ya kufagia.

Wiki iliyopita nilimsindikiza wifi yangu, mimba ya kwanza. Mwuguzi, kijana mwenye adabu, alipofika kwenye kazi ya baba akaanza kuandika herufi «d». Nikamwambia: «Hapana, andika: anachimba kobalti, na analala na nguo zake ndani.» Akaniangalia, akakata ile d. Mstari wenyewe ni mfupi kama kidole, ikabidi amalizie pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo zilizopanda kuelekea juu.

Mama wa watoto wanne,
Katuba, Lubumbashi