Risala ya Klabu ya Jiografia na Mali Kale kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Vimondo Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, viongozi wa kijiji na kata, viongozi wa dini, walimu, wazazi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe, mgeni rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu na kufika. Tumetaja kufika kwa makusudi, maana waliokubali ni wengi. Karibu sana Mbozi.

Leo ni tarehe 30 Juni. Siku kama ya leo mwaka 1908 kitu kutoka angani kililipuka juu ya msitu wa Tunguska, Siberia, kikalaza miti katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,000 bila kuacha shimo. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ukaitangaza tarehe hii kuwa siku ya kimataifa. Sisi wa Mbozi hatukusubiri tangazo, kwani Kimondo chetu, pande la chuma lililotoka angani, kipo Ndolezi tangu enzi ambazo hata wazee wa Kinyiha hawakuachiwa hadithi ya kuanguka kwake.

Historia ya klabu ni fupi. Ilianzishwa na walimu wa jiografia na historia pamoja na wanafunzi wachache waliochoka kusoma mmomonyoko ubaoni. Ina katiba, mlezi na muhuri. Mengine yamo kwenye mihtasari ya vikao.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mafanikio ni makubwa. Klabu imefanya ziara ya kitaaluma Isimila, Iringa, ambako wanachama waliona shoka za mawe na kujifunza kuwa palipo makorongo makavu leo palikuwa na maji na viboko. Tunatoa gazeti la ukutani, na ukuta wenyewe umepakwa rangi. Tumeingia katika ushirikiano wa kimataifa baada ya watalii wawili kutoka Ujerumani kusaini kitabu chetu cha wageni. Aidha, kila mwanachama anaweza kukueleza habari za Kimondo bila kuchungulia bango: kwamba mpima ardhi W. H. Nott alikifikisha kwenye maandishi mwaka 1930. Kwamba kilikuwa kimefukiwa na udongo, kikachimbuliwa pembeni kikabaki juu ya nguzo. Kwamba ni chuma karibu asilimia 90 na nikeli isiyofika asilimia 9. Na kwamba uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12, ingawa wapo wanaofikisha 16. Mgeni akiuliza shimo liko wapi, hata wa kidato cha kwanza atamjibu kwamba halionekani, na kwamba hilo ni dalili ya kuanguka zamani sana, mvua na udongo vikapata muda wa kufuta kila kitu isipokuwa chuma.

Sasa, kwa heshima kubwa, tunaomba tuingie kwenye jambo lililotufanya tukualike.

Kwa miaka kadhaa wanachama wamekuwa wakikusanya vielelezo kwa ajili ya masomo, nje ya maeneo yaliyohifadhiwa na kwa idhini ya wenye mashamba. Tunayo mawe mepesi yanayoelea ndani ya ndoo, yaliyorushwa na Mlima Rungwe ulipolipuka miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Tunayo makombe ya konokono wa majini yaliyookotwa kwenye miinuko ya bonde la Rukwa, mbali kabisa na mahali ngalawa zinapoegeshwa leo. Makombe hayo ni madogo kuliko kucha ya kidole gumba, lakini yana habari nzito. Miaka elfu 10 hivi iliyopita mvua zilikuwa nyingi, na Rukwa ilijaa hadi ikamwagikia Ziwa Tanganyika. Sasa ziwa hilohilo halina pa kutokea, na ukienda Septemba utakuta tope linapasuka. Mwanafunzi akishika kombe hilo huku akiambiwa lilikotoka, hahitaji kukaririshwa kuwa hali ya hewa hubadilika.

Lakini neno letu ni hilo, mheshimiwa: akiambiwa lilikotoka.

Vielelezo vinakaa stoo ya shule, ndani ya maboksi ya mafuta ya kula, kati ya majembe na magunia ya mahindi. Stoo inavuja. Msimu wa mvua uliopita maji yaliingia, vibandiko vikabanduka, wino ukachuruzika, na panya wakamalizia maboksi. Makombe ya Rukwa yamechanganyika na ya Ziwa Nyasa. Jiwe lisilojulikana limetoka wapi na tabaka gani halimfundishi mtu chochote, na wanafunzi walitumia likizo nzima kujaribu kuyatenganisha. Mengine wameshindwa.

Jengo la kuyahifadhi lipo. Lipo nyuma yako, mheshimiwa, ukigeuka kidogo utaliona. Wazazi walifyatua matofali, wakayachoma, wakachimba msingi na kulipa fundi hadi kuta zikafika kwenye lenta. Hapo ndipo zilipo hadi sasa. Mgeni rasmi mmoja alisimama palepale uliposimama na kutuahidi mabati na mbao za kenchi kabla ya mvua. Hakutaja mvua za mwaka gani, nasi kwa adabu hatukuuliza. Aliyemfuata alisikitika sana, akatuletea jezi. Tunamshukuru kwa dhati, timu yetu ilifika nusu fainali ya kata, lakini jezi hazijazuia maji. Baada ya hapo tulielekezwa kuandika barua, kisha kuiandika upya kwa kupitia ngazi nyingine, kisha kusubiri. Simu zetu hupokelewa kwa upole mwingi, na tunashukuru kwa hilo pia.

Nguzo za udongo mkavu za Isimila zilichongwa na maji kidogo kidogo hadi watu wakaanza kulipa kiingilio kuziona. Ukuta wetu wa upande wa kusini umeanza safari hiyohiyo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunajua wapo wanaosema mawe yanaweza kusubiri. Naomba tuseme yanavyotunzwa kwingine. Mwaka 2000 Profesa Lonnie Thompson na wenzake walitoboa barafu ya Kilimanjaro na kusoma ndani yake ukame mkubwa wa miaka 8,300, 5,200 na 4,000 hivi iliyopita. Barafu hiyo ilipelekwa kwenye vyumba vya baridi Ohio, Marekani. Mwaka 2005 mtambo ulichimba chini ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, ukatoa tope la urefu wa mita 380, na tope hilo likaonesha kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita zilipita nyakati ambazo ziwa lilishuka kwa mamia ya mita. Limehifadhiwa Minnesota, hukohuko Marekani, kila kipande na namba yake. Dinosa wetu wa Tendaguru, Lindi, amesimama Berlin, Ujerumani, chini ya paa zuri. Hata ule udongo mwembamba wenye iridiamu, madini yaliyo adimu ardhini lakini mengi kwenye vimondo, uliowajulisha wanasayansi mwaka 1980 kwamba kimondo kikubwa kiliipiga dunia miaka milioni 66 iliyopita, ulijulikana kwa sababu kuna mtu aliyeandika umetolewa tabaka lipi.

Leo hatudai barafu irudi, wala dinosa. Tunaomba mabati.

Fundi ametupa makisio, nayo yamebanwa na pini kwenye nakala yako ya risala hii: mabati 70 ya geji 28, mbao za kenchi, misumari, saruji ya sakafu, mlango mmoja wa chuma, nondo za madirisha, na rafu ambazo wanafunzi wa ufundi watazitengeneza wenyewe wakipewa mbao. Nguvu kazi ni yetu. Mchanga umeshasombwa, na tafadhali tusiahidiwe mchanga tena. Vilevile tunaomba, kwa unyenyekevu, usituahidi makumbusho ya kisasa ya ghorofa. Tumeshaahidiwa. Ikiwezekana sehemu tu ya maombi haya, tuanze na mabati, maana mvua za Novemba hazina kamati ya kuzijadili.

Tuna shida nyingine pia, za hadubini, ramani na nauli za ziara, lakini tumekubaliana kutozisoma leo ili zisije zikatekelezwa badala ya hii.

Baada ya chakula, mlezi wa klabu atakuongoza kuingia ndani ya jengo. Tunashauri upite upande wa kaskazini. Kitabu cha ahadi kipo mezani pamoja na kalamu, na safari hii kamati imeongeza safu ya tarehe na safu ya sahihi.

Tunakutakia afya njema na safari salama ya kurudi.

Naomba kuwasilisha.