Barua kwa mwanangu anayelinda geti la marehemu

Mwanangu, sisi huku Mikindani wazima, mama ako leo kachemsha ming'oko basi anakutaja wewe tu. Ile meseji yako ya sauti nimeirudia mara tatu. Bosi kafariki, watoto wanagombania nyumba, mshahara miezi miwili hujauona na bado unalala kibandani getini kwa sababu ulimuapia mzee hutaondoka. Nimeumia sana.

Unajua napenda historia. Ufaransa tarehe 10 Agosti 1792, mfalme Louis wa 16 alishatoka ikulu ya Tuileries na familia yake kakimbilia bungeni, walinzi wake Waswisi wamebaki wanapigania jumba ambalo mwenyewe hayumo, alipokuja kuwaandikia kikaratasi waache kupigana warudi kambini damu ishamwagika, wakafa zaidi ya 600. Kwao Lucerne wamechongewa simba mwambani, anakufa, mkuki umemvunjikia ubavuni na mguu kaulaza juu ya ngao ya mfalme. Picha yake ninayo kwenye simu, kila nikiiangalia nawaza mama zao.

Italia 1946 watu walipiga kura wakaukataa ufalme. Umberto wa Pili kabla hajapanda ndege kwenda Ureno akawafungua wanajeshi kiapo walichomlia yeye, cha nchi akasema kibaki palepale. Wale Corazzieri waliokuwa wanamlinda mfalme, kikosi chao kipo mpaka leo, wanamlinda rais kwenye jumba lilelile la Quirinale. Aliwaaga vizuri mwanangu, hicho ndicho ninachokisema.

Mimi hakuna aliyeniaga. Nililinda ghala la korosho la tajiri mmoja hapa Mtwara, akafilisika akatoweka usiku, nikakaa wiki sita, saa kumi alfajiri nazunguka na tochi natikisa kufuli moja moja na ndani hamna hata gunia, panya tu, nyumbani nyie mnalala na uji.

Marehemu hawezi kukufungua, kwahiyo usimsubiri. Mjane yuko eda, usimsumbue, nenda kwa mdogo wake marehemu maana ndio msimamizi wa mirathi, mkabidhi funguo mkononi mbele ya mjumbe, mwambie nilimuapia kaka yako naomba uniruhusu. Akitaka ubaki aseme mshahara analipa nani. Watoto usimwachie hata mmoja funguo, hata wakikulilia.

Nauli natuma Ijumaa. Ukishatoka pale nipigie, hata kama usiku.

Baba ako