Salamu za Krismasi, na habari za bega langu

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa wanaukoo, wanajumuiya, majirani na marafiki wa karibu na wa mbali,

Mwenyezi Mungu ametujalia kuiona Noeli nyingine, jina lake lihimidiwe. Nawatakia nyote pamoja na familia zenu heri, baraka na amani ya Mtoto Yesu, na mwaka mpya wenye afya tele. Mnajua salamu hizi zilikuwa za Mama. Yeye alisema, mimi nikaandika, na mwishoni lazima aulize nani anakuja lini na kwa basi gani. Mwaka huu naandika mwenyewe.

Nauli mmeiona. Mchele, sukari, mafuta ya kupikia, tuyaache. Mbuzi hatutachinja, tumekubaliana kuku, na mtori utakuwepo kwa kuwa migomba ni yetu. Hata hivyo pandeni nyumbani Kilema mkahesabiwe, kama Yosefu na Maria.

Nikiandika neno hilo la kuhesabiwa namkumbuka Marcion, mzushi wa karne ya 2, ambaye injili yake haikuwa na Bethlehemu kabisa. Kristo wake alishuka kutoka juu akiwa mtu mzima, hakubebwa tumboni, hakunyonya. Tertuliani, mwandishi Mkristo wa Carthage, Tunisia ya leo, alimkejeli kwa kumwigiza: ondoeni hiyo sensa ya Kaisari inayosumbua watu, nyumba ya wageni yenye msongamano, nepi chafu na hori gumu! Kwa Marcion tungekosa hata safari ya kuhesabiwa. Tertuliani alikuwa na ulimi mkali na mengi yake siyapendi, lakini hapa alishika jambo. Alisema mwili ni bawaba ya wokovu: mwili huoshwa ili roho itakate, hupakwa mafuta ili roho iwekwe wakfu, hula ili roho ishibe. Niliyasoma hayo zamani kwenye kozi ya ushauri nasaha, nikayaona ni ya kujibia mtihani tu.

Mwezi wa Juni tulimwosha Mama, mimi na shangazi, kule mochwari, kwa maji ya vuguvugu kwenye beseni la bluu. Ubavuni nikakuta kovu pana, limekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Miaka 54 ni mtoto wake, miaka miwili ya mwisho nimemuuguza, na sikuwahi kuliona. Alikuwa akijifunika khanga hata mbele yangu niliye muuguzi. Shangazi akasema, "Hilo la uji. Ulikuwa mgongoni, sufuria ikapinduka, akageuka." Akaendelea kukamua kitambaa.

Akageuka. Basi.

Mtakatifu Gregori wa Nisa naye alisimama hivyo mbele ya mwili wa dada yake Makrina, mwaka 379. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimwandaa marehemu akasogeza taa, akamwonyesha kifuani alama ndogo kama ya sindano. Hapo palikuwa na uvimbe ambao Makrina alikataa kumfunulia tabibu kwa kuona haya. Alikesha akilia katika sala, akachanganya machozi na udongo akapaka, kisha akamwomba mama yake apaweke ishara ya msalaba. Uvimbe ukaenda, alama ikabaki. Kaka mtu, askofu na mwanateolojia, hakuwa amewahi kuambiwa.

Sasa bega. Tangu Julai bega langu la kulia linauma. Nimepiga picha, mfupa mzima, nimepewa dawa ya kuchua. Ni bega ambalo Mama aliliegemea kila asubuhi nilipomtoa kitandani kumpeleka kwenye kiti chake. Mwalimu wetu wa kozi aliwahi kutusimulia mgonjwa wa Sigmund Freud, daktari wa magonjwa ya nafsi kule Vienna, msichana wa miaka 24 aliyekuja kwake mwaka 1892 na maumivu ya miguu. Freud alimwita Elisabeth von R. Msichana huyo alikuwa amemuuguza baba yake hadi baba akafa. Katika mazungumzo ikajulikana kwamba maumivu yalianzia mahali pamoja kwenye paja la kulia, na hapo ndipo baba alipokuwa akiweka mguu wake uliovimba kila asubuhi, binti ambadilishie bandeji. Freud aliendelea mbele akatafuta mapenzi ya siri kwa shemeji, na hapo mimi naachana naye. Lakini paja lile silisahau. Freud hakuwa mtu wa dini, na Tertuliani angemtupia maneno makali kuliko aliyomtupia Marcion, ila wote wawili walikataa kuuchukulia mwili kama gunia la kubebea mtu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mnisamehe nikihubiri kidogo. Acheni kuwaambia wafiwa "jikaze". Augustino mwenyewe alijikaza. Mama yake, Monika, alipofariki Ostia mwaka 387, alimfumba macho, akazuia machozi, na mwanawe Adeodato alipoangua kilio wakamnyamazisha. Akaenda kuoga akiamini maji yataondoa huzuni. Akatoka vilevile alivyoingia. Ilimbidi alale kwanza, aamke peke yake, ndipo alipolia. Huyo ni Mwalimu wa Kanisa! Msiwanyamazishe watoto wanaomlilia Bibi. Mwenye kifua kinachobana aende hospitali apimwe kwanza, wala asidanganywe na mtu kwamba ni mawazo tu. Na akiambiwa hana kitu, atafute mtu wa kumweleza. Wazee wetu wa kiume, ninyi hasa, mnaokaa nje kwenye pombe ya mbege mkidai mko sawa. Na ninyi mnaosema mwili ni takataka, tukeshe tu tukisali, nani alikupikia uji ukakua?

Misa ya mkesha ni kama kawaida. Wanaokuja na basi la usiku wanipigie, nitaacha taa ya nje. Kiti cha Mama bado kipo pale pale dirishani, tangu Juni watu wanakizunguka. Jamani, kaeni.

Heri ya Noeli na Mwaka Mpya.