Somo, ahadi yako bado

Chumbageni, Tanga

Kwako Somo,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima na vumbi la Dodoma halijakumaliza. Mimi mzima, ila naandika hii nimeweka mguu juu ya stuli, unyayo umepakwa utomvu wa papai bichi, na Bibi ameapa nisikanyage chini mpaka adhuhuri. Kisa chake kirefu, ndiyo maana sikupiga simu. Kwenye simu ungecheka ukakata kabla sijafika penye deni lako.

Unakumbuka nilikwambia nimejiandikisha triathloni, ukaniuliza ni dawa ya nini. Ni mashindano ya mambo matatu kwa mkupuo: unaogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia, na saa haisimami hata wakati unatafuta soksi. Tulifanya ule mfupi: mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli, kilomita 5 kwa miguu. Ule mrefu, ulioanzia Hawaii mwaka 1978, una kuogelea karibu kilomita 4, baiskeli 180, na mwisho marathoni nzima. Mara ya kwanza walianza watu 15 tu. Sisi hapa ufukweni Raskazone tulikuwa 23, kwa hiyo tumewapita Wamarekani kwa idadi, ukiacha mengine.

Mashindano yetu yalikuwa ya kuchangisha, watu wanaahidi kwa kila kilomita, na fedha ni za maboya. Boti zikienda kwenye matumbawe ya visiwa vya Yambe na Karange, za wavuvi na za wageni, kila moja inatupa nanga yake, na nanga haichagui pa kuangukia. Ukiweka tofali kubwa la zege kwenye mchanga kando ya mwamba, mnyororo, kamba, na boya juu, boti inafunga pale na nanga inabaki botini. Hakuna ufundi wa ajabu. Yale matumbawe ya mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, Somo. Lenye upana wa sufuria ya pilau ya arusi limekuwepo tangu mama zetu ni wari, na nanga inalipasua mvuvi akiwa anakohoa. Sisi tulikua na kishindo cha baruti ya kuvulia samaki, mwalimu anaandika ubaoni na hageuki hata kutazama. Baruti imepungua sana sasa. Nanga hazina kishindo, ndiyo maana hakuna anayezisema.

Bibi hakuelewa kwa nini mtu atoe hela ili mimi nichoke. Nikamweleza habari za silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani alikwisha zamani za madinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na kwetu hapa akaanza kunaswa kwenye majarife ya papa miaka ya 2000, majarife yaliposhushwa kina kirefu. Ndiye aliyefanya bahari yetu kutoka Pangani mpaka hapa itangazwe hifadhi mwaka 2009. Yote hayo Bibi aliyasikiliza kama taarifa ya habari. Nilipomwambia kwamba huyo samaki huishi karibu miaka 100 na wataalamu wanakadiria mimba yake huchukua miaka 5, akaacha kukuna nazi. "Miaka mitano?" Akafungua pindo la kanga akanipa elfu tano. "Hii ya huyo mama."

Suala la nguo nalo. Wahenga wamesema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi nimeyavalia nguo, tena ndefu: suruali ya kubana, shati la mikono mpaka viganjani, na mtandio wa kuogelea unaoshika kichwa kama ganda la korosho. Miezi minne nimejifunza pale pale Raskazone, saa kumi na mbili asubuhi, na wiki mbili za mwanzo nilikuwa nakunywa bahari kuliko kuiogelea. Wewe na mimi tumezaliwa hatua chache kutoka majini na hakuna aliyetufundisha hata kuelea. Kaka zetu walikuwa wanajirusha gatini, sisi tunawashikia mashati. Hilo bado linaniudhi.

Kosa letu siku yenyewe lilikuwa kalenda. Kamati ilichagua Jumamosi ile kwa sababu mahema yalipatikana na mgeni rasmi alikuwa na nafasi. Hakuna aliyetazama mwezi. Ulikuwa mpevu, Somo, bamvua limekaza, yale maji ya kujaa sana na kupwa sana, yamejaa saa kumi alfajiri, na ya bamvua yakigeuka hayana subira. Tulipangiwa kuanza saa kumi na mbili na nusu. Hapo bado yangetufaa. Mgeni rasmi akachelewa. Tukaimba, tukanyoosha viungo, tukapigwa picha na bango. Alipofika ilikuwa karibu saa mbili, akahutubia umuhimu wa bahari akiwa ameipa bahari mgongo, na bahari nyuma yake inaondoka.

Filimbi ilipolia, boya la kwanza la kuzungukia lilikuwa limelala mchangani, ubavu mmoja juu kama mbuzi aliyeshiba.

Basi tukaanza kuogelea kwa kutembea. Watu 23 wamevaa miwani ya majini, maji yako magotini, tope linavuta. Kila anayejaribu kulala kifudifudi anakwangua tumbo. Ndipo nikakanyaga mmoja wa wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba, na hapo ndipo papai la Bibi lilipoingia kwenye habari hii.

Kulikuwa na mzee wa ngalawa tuliyemkodi atufuate, atakayechoka adandie. Ngalawa imekaa mchangani, naye kakaa juu yake anatafuna kashata.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Mwaogelea wapi?"

Nikamwambia tulimsubiri mgeni rasmi.

"Bahari haina mgeni rasmi, mwanangu."

Hakucheka. Akashuka, akatutangulia kwa miguu mpaka penye kina, akatuonyesha tuogelee sambamba na ufuko, kwenda na kurudi, tusikatishe kuelekea kisiwa cha Toten maana mkondo ungetubeba. Kwenda tulipelekwa kama makumbi. Kurudi, wallahi, niliutazama mwamba mmoja wenye kinyesi cha ndege mpaka nikaujua kama uso wa jirani, kwa jinsi nilivyopiga mikono bila kuupita. Alikuwa pale tangu alfajiri, ameyaona maji yanavyokwenda, na hakuna aliyemuuliza kitu. Tulimlipa wa kuokoa watu, basi akangoja watu wa kuokoa.

Baiskeli niliimudu, mji wenyewe si ndio huu. Nilipoishika njia ya Pangani nikajiona bingwa, mpaka nikasikia kengele nyuma. Muuza mikate, kreti mbili nyuma, ndala miguuni, baiskeli ya breki za chuma.

"Dada, wawahi wapi?"

"Nashindana."

"Na nani?" Akageuka kutazama, nyuma yangu hakuna mtu. Akanipita akaniachia harufu ya mkate wa moto, nami sijala tangu usiku.

Kukimbia sina la kusema. Nilimaliza, nikawa wa 19, nikanywa madafu matatu.

Sasa hesabu. Watu waliahidi kwa kilomita, jumla 1,340,000. Iliyoingia mpaka leo ni 870,000. Nimejifunza kwamba anayeahidi mbele za watu hulipa polepole, na anayekupa kimya kimya hulipa papo hapo. Mwenye mahema alikataa malipo ya siku nzima. Yule muuza mikate nilimkuta jioni Ngamiani, nikamweleza, akatoa 500 na mkate. Lakini mhasibu wetu ofisini, aliyeahidi 2,000 kwa kila kilomita, alituma 50,000 kamili na ujumbe: zile mita 750 hazihesabiki kwa kuwa ana picha yangu nikitembea. Nimebishana naye siku tatu. Mwenzangu ana picha kweli, na ameiweka kwenye kundi la ofisi.

Tulipopeleka habari kwa yule mzee kwamba fedha ni za maboya, aliuliza tunayaweka wapi. Kijana wa kamati akafungua ramani kwenye simu. Mzee akaitazama kwa heshima, kisha akasema hapo mlipotia alama boti hazifungi, kusi likivuma hapakaliki, zinafunga upande wa pili. Amejitolea kutupeleka na watu wa hifadhi waone wenyewe, mafuta juu yetu. Zilizopo zinatosha maboya mawili na nusu. Hiyo nusu, Somo, sehemu yake ni wewe. Uliahidi 1,000 kwa kilomita, inakuja 25,750. Zile 750 nakusamehe, mhasibu kanifundisha. Tuma kwenye namba yangu ile ile, na usinitumie picha ya muamala wa mtu mwingine kama ulivyofanya kwenye arusi ya mdogo wako.

Mwakani tunarudia, na safari hii siku imechaguliwa na mzee. Alisema tufanye mwezi saba, maji mafu, yanajaa taratibu mpaka saa nne, hata mgeni akichelewa atayakuta. Kijana wa kamati akaandika kwenye daftari: "Julai." Nimelichukua daftari nikafuta mwenyewe, maana mzee alikusudia siku ya saba ya mwezi mwandamo, na kusi la Julai lingetukusanya Mombasa.

Nisalimie watoto na shemeji. Bibi anaita, anataka kuutazama mguu.

Wako,
Somo