Majina ya chini ya maji

Butiaba, Uganda, Jumapili jioni

Shoga yangu Saumu,

Hujambo na watoto? Sisi wazima, ila upepo wa ziwa umewafungia wavuvi nchi kavu siku mbili na samaki hashikiki bei.

Unakumbuka ulivyonicheka Tanga, eti mtu wa bara atajua nini kuhusu bahari? Leo nimekupata. Nimesoma habari za Marie Tharp, Mmarekani aliyechora ramani ya sakafu ya bahari. Meli za utafiti enzi hizo hazikupakia wanawake. Wanaume walikwenda kupima kina kwa mwangwi wa sauti, yeye akabaki mezani akigeuza namba zao kuwa milima. Mwaka 1952 akaona bonde limepasua katikati ya mgongo wa milima ulio chini ya Bahari ya Atlantiki. Mwenzake, Bruce Heezen, akasema hayo ni maneno ya wasichana! Alinyamaza walipolinganisha na ramani ya matetemeko ya ardhi: yamejipanga humohumo bondeni. Tena mstari ule uliendelea hadi ukapanda nchi kavu, ukaingia Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Kwa hiyo ukitaka kuona sakafu ya bahari bila kulowa, njoo usimame nami hapa juu ya ukingo, ziwa limelala chini na milima ya Kongo ng'ambo.

Kilichonikera ni majina. Ziwa letu mpelelezi Mwingereza Samuel Baker alilibandika Albert mwaka 1864, jina la mume wa Malkia Victoria, na Wanyoro walikuwa nalo jina lao: Mwitanzige, muua nzige. (Hata wewe unamsikia nzige humo.) Baharini vilevile, mwenye meli ndiye mwenye jina. Ule mgongo mrefu ulio chini ya Bahari ya Hindi yako unaitwa Carlsberg, kwa sababu mfuko wa kiwanda cha bia chenye jina hilo ndio uliogharamia msafara wa Wadenmark waliougundua. Bia, Saumu! Nawe hata soda hunywi.

Siku hizi iko kamati ya kimataifa ya kupitisha majina hayo, na sakafu iliyopimwa sawasawa ni kama robo tu. Yaliyobaki ni mengi.

Jana nilimuuliza mzee mmoja hapa mwaloni nyavu hukwama wapi. Akanitajia mahali patatu, kila mahali na jina lake, na hajawahi kupaona hata mara moja. Nimeyaandika daftarini. Nawe muulize baba majina ya miamba anayoikwepa akienda kuvua. Niandikie yote, hata yenye matusi.

Wako,
Adyeri