Kwa nini hatutaji bei ya msingi kwenye simu

Wiki iliyopita bwana mmoja alinambia mbele ya watu kuwa nimemuibia. Alitarajia tumchimbie msingi wa futi mbili, akakuta upande mmoja tumeshuka sita na hesabu imepanda. Si wa kwanza, ndiyo maana naandika.

Upande wa magharibi wa Unguja kinongo, ule udongo mzito wa shamba usio na mawe, ni kirefu, chepe linatosha. Ukielekea Jambiani au Makunduchi unaingia maweni: udongo kiganja tu, chini jiwe la matumbawe, na kazi ni ya sururu na mtalimbo. Haya kila mtu anayajua. Wasilolijua wengi ni kuwa jiwe lile halikulala kama sakafu. Lilikuwa mwamba wa baharini. Bahari ilipoliacha wazi, mvua ya maelfu ya miaka ikalila, hapa likabaki jino, pale likafanya shimo, na shimo likajaa udongo. Juu unaona kiwanja sawa kabisa.

Ndiyo maana tunachimba vishimo vya kupimia kila pembe na kila kuta zinapokutana. Jiwe mama, yaani mwamba wenyewe, ukilipiga mtalimbo linakurudishia mkono mpaka begani. Bonge lililolala peke yake kwenye udongo hucheza kidogo, na mlio wake mzito. Tukilishuku tunalichimba ubavuni mpaka tulione tako. Nusu siku hiyo, na ndiyo, tunailipisha.

Hapo ndipo watu wanapobana shilingi. Bwana wetu alimpa kijana wa jirani achimbe kishimo kimoja, likaonekana jiwe futi mbili, akafurahi. Kumbe kishimo kilikuwa juu ya jino. Hatua nne kutoka hapo mtalimbo ulizama wote.

Angetaka tumwage zege vivyo hivyo tungemaliza siku ileile. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba iliyojengwa hivyo, nusu juu ya jiwe, nusu juu ya udongo. Masika ya pili upande wa udongo ulikaa, ukuta ukapasuka kutoka dirishani mpaka kwenye lenta, ufa wa kuingia kidole. Kuchimbua chini ya ukuta uliosimama kulimla mwenyewe pesa nyingi kuliko msingi mzima.

Bei zetu ni mbili, futi ya udongo na futi ya jiwe, na mtaro unapimwa mwenyewe akiwepo, kabla ya zege. Hata kwa bwana yule mtaro ulipimwa kwa kamba, ncha ya pili kaishika fundi wake mwenyewe.